Mwambie Anayekupakulia

Zipo siri ambazo mtu mzima anaweza kuishi nazo mpaka azikwe nazo: kiasi cha mshahara wake, deni la kikoba, mwaka halisi aliozaliwa. Kupungua kilo arobaini kwa mwaka mmoja hakumo katika orodha hiyo. Suruali itasema, pete itasema, na kiti cha daladala ambacho zamani kililipiwa nauli ya mtu mmoja na kukaliwa na mtu na nusu nacho kitatoa ushahidi wake. Hata hivyo, anayejiandaa kwenda kupunguzwa tumbo hospitalini hukesha akijiuliza kama aseme au afiche, utadhani kuna mahali pa kufichia. Habari ya kupungua itatangazwa na mwili wenyewe. Kinachobaki mikononi mwake ni sababu ya kupungua, na hiyo ndiyo ya kuchagulia mtu wa kuambiwa. Hoja yangu ni kwamba uchaguzi huo usifuate ukoo wala mapenzi, ufuate kazi. Aambiwe yule ambaye asipojua ataharibu, hata kama ni mtu baki. Asiye na kazi yoyote katika jambo hili asubiri, hata kama ni shangazi.

Tuanzie chumba cha upasuaji, kwa sababu humo ndimo kazi za watu wengine zinamozaliwa. Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi huondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuacha kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Mfuko uliokuwa ukipokea lita moja na ushei sasa, miezi ya mwanzo, unajaa kwa mililita 100 hadi 150, yaani hata nusu ya soda ya chupa hauimalizi. Aina ya pili, baipasi, hutengeneza kifuko kidogo zaidi na kukiunganisha na utumbo mdogo, chakula kikapita njia ya mchepuko. Ipo pia njia isiyo na kisu, yaani puto linaloingizwa kupitia mdomoni na kutolewa baada ya miezi kadhaa, ambalo Watanzania wengi wamelisikia kupitia Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila. Mgonjwa hutoka hospitalini na masharti: ale kidogo sana, atafune mpaka chakula kiwe uji, anywe maji kwa mafunda madogomadogo kutwa nzima, asile na kunywa kwa wakati mmoja, na kama amekatwa, ameze vitamini maisha yake yote. Ni masharti rahisi kwa mtu anayekula peke yake. Kwetu mtu wa namna hiyo huitiwa wazee wamuulize kuna nini.

Kwa hiyo wa kwanza kuambiwa ni anayekupakulia. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mwiko wa jikoni una haki hiyohiyo. Katika nyumba nyingi za Waswahili mtu haulizwi anataka chakula kiasi gani; anakadiriwa, na makadirio yako yalifungwa zamani. Mpishi asiyejua atarundika pilau kwa kipimo cha mwili wako wa awali, na vijiko vinne vikikutosha, mahojiano yanaanza. Kwani chumvi imezidi? Umepitia wapi ukala? Umenikasirikia mimi au chakula? Swali la nne ndilo la hatari, maana huulizwa kwa kimya, na jibu lake ni kuongezewa nyama. Mwenye tumbo la mililita 150 akila kwa kuogopa kumuudhi mama mkwe, hatamfurahisha. Atatapika, tena mbele yake. Dakika tano za kumweleza pembeni kabla ya mlo ni nafuu kuliko aibu hiyo. Ramadhani nayo ina mtihani wake. Miezi ya mwanzo madaktari kwa kawaida humshauri mgonjwa asifunge, kwa kuwa maji anayoyahitaji hawezi kuyafidia kwa pamoja usiku. Dini imemruhusu mgonjwa kula, lakini mtaa wa Mombasa au wa Unguja haujapewa nakala ya cheti chake. Anayepika futari na daku nyumbani lazima ajue. Waliobaki wakikuona na chupa ya maji saa saba mchana, dhana njema ni sehemu ya ibada yao.

Kundi la pili ni wote wanaokutia dawa mkononi. Aliyefanyiwa baipasi huonywa kukaa mbali na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kumletea vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Sasa, diklofenaki kwetu haingoji cheti cha daktari. Ukilalamika mgongo kwenye foleni ya benki, anayekufuata ataifungua pochi yake akupatie vidonge viwili. Muuzaji wa duka la dawa, ambaye huenda hujui hata jina lake, anastahili kujua kabla ya binamu yako wa damu. Mkunga wa kliniki vilevile. Kipimo cha sukari cha mjamzito, kile cha kunyweshwa glukosi, kinaweza kumfanya mwanamke wa baipasi atokwe jasho, moyo umwende mbio na choo kimwite kwa haraka, mpaka waliomsindikiza waanze kutafuta aya za kumsomea. Mwenza naye yumo katika kundi hili, na sababu za kitabibu zinatosha hata kabla mapenzi hayajatajwa. Uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba mara nyingi huongezeka. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki kama zamani, na madaktari hushauri mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wiki za mwanzo, mgonjwa akitapika mara mbili, jirani atakuwa amekwisha kutangaza ujauzito. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: mume na mke wasiposhauriana, baada ya muda si mrefu jirani atakuwa amesema kweli.

Yupo atakayesema kwamba hao wanatosha, na kwa wengine dawa ni kunyamaza kabisa. Ningekubali kama kimya kingebaki kitupu. Afrika Mashariki ina sababu zake za kuogopa kukonda. Mwaka 1985 madaktari waliochunguza ugonjwa mpya huko Rakai, Uganda, waliandika katika jarida la Lancet kuhusu maradhi ambayo wenyeji waliyapa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Ndiyo yaliyokuja kujulikana kwetu kama ukimwi. Kizazi kilichozika watu miaka ile bado kipo, kinakaa barazani, na kikimwona mtu amepungua ghafla hakimuulizi anafanya mazoezi gani. Ongeza kwamba kwetu kitambi cha mume kimekuwa sifa ya mke, na mume akikonda ni jiko linaloshtakiwa. Ukinyamaza kabisa, mtaa utakuchagulia ugonjwa: virusi, sukari, madeni, kurogwa, au nyumba ndogo. Tena ushahidi hautakosekana. Msusi ataona, maana miezi mitatu hadi sita baada ya upasuaji nywele za wengi hunyonyoka kwa muda. Fundi wa nguo ana takwimu kabisa, kwa sababu gauni lilelile amelipunguza mara ya tatu. Msusi na fundi ni mashirika ya habari, na shirika la habari halipewi siri; linapewa taarifa. Taarifa yenyewe iwe fupi, iwe ya kweli, na isiache mlango wa swali la pili: “Nipo chini ya daktari, ameniambia nipungue, naendelea vizuri.” Neno daktari hufunga midomo. Ukisema mazoezi, kesho alfajiri mmoja wao atakuwa mlangoni na raba zake mwende kukimbia pamoja.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wazee. Mficha maradhi, kifo humuumbua, watasema. Na mgonjwa kwetu si mali yake mwenyewe, ni wa ukoo, na ukoo una haki ya kujua nani anakatwa nini. Hili halifai kuchekwa. Upasuaji huu ni salama kuliko wengi wanavyodhani, lakini hufanywa chini ya dawa ya usingizi, na mshono kuvuja au damu kuganda ni mambo yanayotokea. Anayewaaga nyumbani kwamba anakwenda semina Morogoro, kisha akalazwa Dar es Salaam, anahatarisha heshima ya msiba wake mwenyewe. Kwa hiyo ndugu mmoja lazima ajue siku, hospitali, na dalili za kukimbilia kwa daktari: homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio. Lakini methali imekataza kuficha, haikuamuru kutangaza. Ndugu mmoja anatosha kuuwakilisha ukoo; kundi la WhatsApp la ukoo ni mkutano wa hadhara. Achaguliwe mwenye sifa tatu: anapokea simu usiku, haanguki akiona damu, na hajapata kuanza sentensi kwa maneno “usimwambie mtu, lakini”. Sifa ya tatu itafuta nusu ya ukoo, na hilo ndilo lengo lake. Ugumu unabaki kwenye fedha. Bima nyingi huuhesabu upasuaji huu kuwa urembo, na mgonjwa akilazimika kuomba mchango, siri imekwisha, kwa kuwa mchango una mwenyekiti, mweka hazina na orodha inayosomwa kwa sauti. Anayechanga ana haki ya kujua anachangia nini, na haki yake inaishia hapo. Aliyetoa shilingi elfu kumi amenunua taarifa. Usimamizi wa kila tonge haumo katika bei hiyo.

Pingamizi la pili ni la kimaadili: kuficha upasuaji ni kuwadanganya wanene wengine. Mfano upo. Mtangazaji wa Marekani Star Jones alifanyiwa baipasi mwaka 2003 akiwa kwenye kipindi cha The View, na hakukiri hadharani mpaka 2007. Mtangazaji mwenzake, Barbara Walters, alikuja kulalamika kwamba wenzake walilazimika kudanganya hewani kwa ajili yake, kwa kuwa maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya kupunguza chakula na kufanya mazoezi. Mlinganishe na Chris Christie, gavana wa New Jersey wakati huo, aliyefungwa mkanda wa kubana mfuko wa chakula Februari 2013 baada ya kujiandikisha hospitalini kwa jina la bandia. Habari ilipotoka mwezi Mei, alikubali, akasema amefanya kwa ajili ya mke na watoto wake, mambo yakaishia hapo. Wote wawili walificha, na umma ulisamehe ukimya upesi kuliko ulivyosamehe maelezo ya kubuni. Mpaka uko hapo. Anayenyamaza hajadanganya, anayeyasifu maji ya limau amedanganya. Aliyeachwa na robo ya tumbo, akamweleza mwenzake wa ofisini kwamba siri yake ni limau na tangawizi kabla ya kifungua kinywa, amemtuma mtu kuteseka miezi sita na kujilaumu mwezi wa saba. Akimuuzia na chai ya kupunguza kitambi, hapo tumetoka kwenye faragha tumeingia kwenye jinai. Kwa hiyo yupo mmoja wa kuongezwa kwenye orodha: mnene mwenzako anayeuliza kwa dhati kwa kuwa naye anahangaika. Huyo akiambiwa ukweli wote, pamoja na vitamini, nywele na matapishi, amesaidiwa kuliko kwa mifuko kumi ya limau.

Wapo wanaoficha kwa hofu tu ya kuitwa wavivu waliopita njia ya mkato. Hofu hiyo haina msingi. Mwili ukinyimwa chakula hujibu kwa kuongeza njaa, na sehemu kubwa ya ghrelini, homoni inayoamsha njaa hiyo, hutengenezwa katika upande wa mfuko unaoondolewa. Nchini Sweden utafiti ulioanza mwaka 1987 ulifuatilia zaidi ya watu 4,000, takriban nusu yao wakipasuliwa na wengine wakipata matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyotoka 2007 yalionyesha kuwa vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Uvivu unaorefusha maisha ni wa kupigiwa mfano. Hata hivyo, takwimu hizi usiende nazo harusini. Atakayekubishia mbele ya meza ya biriani hana kazi yoyote katika uponaji wako, na kumshawishi hakumo katika masharti ya daktari.

Orodha basi ni hii: anayekupakulia, anayekupa dawa, mwenza, ndugu mmoja asiye na mdomo, mchangiaji kama yupo, na mnene mwenzako anayetafuta msaada. Wengine wapewe ile taarifa fupi. Ukiwa na shaka juu ya mtu, subiri: asiyeambiwa leo anaweza kuambiwa kesho, ila aliyekwisha kuambiwa huwezi kumwomba asahau. Nawe ambaye hujapasuliwa popote, unayemwona mwenzako amepungua, jua kwamba “mbona umekonda hivyo!” si salamu. Akitaka ujue, atakwambia. Mpakulie kidogo, na akisema imetosha, imetosha.