Usingizi wa Bei Chee

Begi la kulalia la manyoya ya bata, bei chee, limeandikwa kwa tarakimu nene: nyuzi 15 chini ya sifuri. Hongera, mnunuzi! Maandishi madogo, yaliyojibanza karibu na zipu, yanafafanua kwamba hapo ni kikomo cha kunusurika: unatetemeka kwa muda wa saa 6 na pengine hufi. Kipimo cha kulala na kuota ndoto kiko kwenye nyuzi 5 juu ya sifuri, hali ambayo kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita zaidi ya 4,600, haikuahidi mtu usiku. Na hayo manyoya yakilowa, yanashikamana kama uji uliolala. Moshi mjini wanakodisha mabegi mazito, lakini nani akodi, naye ana lake lenye namba kubwa?