Oili ya Jumamosi

Land Rover 109 ya Series III ilianza kutengenezwa mwaka 1971, miaka miwili kabla ya chama cha TANU kuamua kwamba makao makuu ya Tanzania yahamie Dodoma. Matunzo yake nyumbani huanza na kumwaga oili. Mwenye gari hulala chali juu ya boksi, hulegeza nati ya sampo, na oili huingia kwanza kwenye mkono wa shati, kisha kwenye beseni la kufulia lililoazimwa jikoni bila taarifa. Hufuata kisafisha hewa, chenye bakuli la oili linalonasa vumbi. Kitabu cha gari kilitoka Solihull, Uingereza, kwa watu wa manyunyu. Lakini vumbi la kiangazi cha Dodoma, Mei hadi Novemba, huigeuza oili ya bakuli hilo kuwa uji mzito. Plagi hufutwa, propela hupigwa grisi. Kuvuja si ugonjwa: gari hili lisipodondosha oili, ujue imekwisha. Jioni huitwa fundi wa gereji bubu kufunga kilichofunguliwa asubuhi, kwa bei ileile ya kazi nzima. Oili chafu haitupwi. Hupakwa nguzo za uzio kuzuia mchwa.