Dawa ya Dubu katika Ghuba ya Speke

Mola, katika kugawa misukosuko, aliwapa Wamarekani dubu, na sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria akatujaalia kiboko, mnyama ambaye mchana hukaa majini kwa taadhima ya kadhi, na usiku hupanda nchi kavu kula majani, akiwa na uzito upatao kilo 1,500 na mbio za kilomita 30 kwa saa, sifa mbili ambazo kwa insafu zisingalikutanishwa katika kiumbe mmoja.

Tulipoazimia, shemeji yangu na mimi, kwenda kuvua kwa ndoana na kulala hemani katika mwalo mmoja wa Ghuba ya Speke, kila tuliyemtaka shauri alitupa silaha iliyolingana na kazi yake: mchuuzi wa Makoroboi alisifu tochi, mgambo mstaafu alisifu filimbi, na jamaa wa Bunda, ambako tembo hufukuzwa mashambani kwa moshi wa pilipili na samadi, akaapa kwamba pasipo moshi hapana salama. Shemeji, ambaye ni mhasibu na huamini tu kilichopigwa chapa, aliwadharau wote, kwani binti yake aliyeko Montana alikwisha kumletea kwa meli, ndani ya pipa la nguo, kopo la pilipili ya kupulizia dubu, lirushalo hadi mita 9.

Mzee wa mwalo alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuzageuza, akauliza, "Na upepo je, Bwana?" Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka bara kwenda ziwani hadi asubuhi, ilhali kiboko arejeaye malishoni hutokea huko huko bara. Kisha akatuhamishia hema pembeni, maana shemeji alikuwa amelisimamisha, kwa fahari ya kupata mahali palipokwisha kusawazishwa, juu ya vijia viwili sambamba vyenye tuta la nyasi katikati, na kinyesi kilichotapanywa kwa mkia vichakani pande zote. "Mwenyewe hupita hapa," alisema mzee. "Usimzibie maji, naye hana haja nawe."

Alfajiri, viboko wakiwa wamekwisha kuzama zamani, shemeji aliona ni israfu kurudi mjini bila kulijaribu kopo. Akaelekea vichakani, akalifyatua, na wingu jekundu likatoka, likasita, likageuka, likampitia usoni bila kumwomba radhi, likaendelea hadi kwenye dagaa walioanikwa mchangani. Naye mama mwenye dagaa, baada ya kuonja mmoja, akamtoza bei ya debe zima, na juu yake bei ya pilipili.