Ukitaka Kufaidi Picha, Usiiangalie na Mtu wa Karatu

Kama kuna mtu wa Bodi ya Filamu anasoma safu hii, nina ombi: madereva wa watalii wapigwe marufuku kuangalia filamu yoyote yenye mnyama. Waachiwe za Kihindi, waachiwe za Kichina ambazo watu hupigana juu ya mapaa, waachiwe hata zile tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili ambazo nyumbani kwangu zina heshima kuliko taarifa ya habari. Lakini mkia wa pundamilia ukionekana tu kwenye kioo, wao watoke nje wakaote moto.

Mnaoishi kwingine hamtanielewa. Hapa Karatu kila nyumba ina mtu wa utalii. Asiyeendesha gari anapika kambini, asiyepika anabeba mabegi hotelini, na asiyefanya lolote ana shemeji anayefanya. Mimi niko kundi hilo la mwisho. Shemeji yangu alianza kushusha wageni kreta ya Ngorongoro mke wangu akiwa bado binti wa shule, na mtu wa namna hiyo akikaa mbele ya televisheni ujue ukaguzi umeanza.

Chukua Mufasa, ile iliyotoka Desemba 2024. Kijana wa muvi pale stendi aliniwekea kwenye flashi, nikanunua karanga, watoto wakajipanga kwenye mkeka, raha mustarehe. Ikaja sura ya Rafiki, yule nyani mwenye pua nyekundu na mashavu ya buluu. Shemeji akaomba rimoti.

"Simamisha hapo. Huyu ni nyani wa Gabon na Kameruni. Serengeti hayupo, Manyara hayupo, kreta hayupo. Nani kamleta huku? Ana kibali?"

Tukaendelea. Wakatokea simba weupe, ndio maadui. "Hao kwao ni Timbavati, Afrika Kusini." Mufasa na wenzake wakapanda mlima wenye theluji. "Haya, huko juu wanakula nini?" Mwanangu mdogo, ambaye mpaka hapo alikuwa anamlilia Mufasa kwa uchungu wa kweli, akafuta machozi na kuanza naye kudai kibali.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba shemeji alikuwa na picha yake kichwani, tena kali kuliko ile ya kwenye kioo. Akatusimulia mwaka 1962, baada ya mvua zisizo za kawaida, nzi wanaouma walivyojaa ndani ya kreta. Simba wakanyonywa damu mpaka wakakosa nguvu za kuwinda. Wengine wakapanda miti, wengine wakajificha kwenye mashimo ya fisi. Walikuwa zaidi ya 60, wakabaki kama 10 hivi. Simba wanaopigwa picha leo pale chini ni uzao wa mabaki hayo na madume wachache waliohamia kutoka nje. Watoto macho yaliwatoka. Hollywood imemwaga mabilioni kwenye kompyuta, na shemeji kaishinda kwa mdomo mtupu, huku anatafuna karanga zangu.

Mateso haya yana msimu wake. Kuanzia Julai mpaka Oktoba simwoni. Geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, likifunguliwa saa 12 asubuhi, yeye yuko pale kwenye foleni na boksi za chakula cha wageni nyuma. Balaa ni masika. Aprili na Mei wageni hupungua, ukungu unashuka mpaka mlangoni, baridi inaingia kwenye mifupa, na shemeji anahamia kwenye kochi langu, kajifunika shuka la Kimasai, rimoti iko ndani ya shuka.

Ndiyo maana mimi ni mpenzi mkubwa wa The Royal Tour. Wengi mnaikumbuka: Rais Samia anamtembeza nchi mwandishi wa Marekani, Peter Greenberg, ilizinduliwa New York Aprili 2022, na Arusha ikafika tarehe 28 ya mwezi huohuo. Tuliiangalia kwenye baa moja iliyojaa watu wa kazi, na Rais mwenyewe sikumsikia hata sentensi nzima. "Gari hiyo ya pili ni ya kampuni gani?" "Rudisha nyuma kidogo, huyo dereva si yule jamaa wa Rhotia?" "Springi hizo zimechoka, angalia inavyolala." Mama mmoja aliyekuwa anahudumia akauliza mbona vitunguu vya Mang'ola havijaonyeshwa, na nikaona hilo ndilo swali pekee la maana usiku ule.

Watu wengine wabishane kuhusu gharama na faida. Mimi naangalia matokeo sebuleni kwangu. Wageni wa kimataifa walikuwa milioni 1.4 mwaka 2022, wakafika milioni 1.8 mwaka 2023, na mwaka 2024 wakavuka milioni 2.1. Sababu ziko nyingi, najua, corona nayo ilikuwa imepungua. Lakini shemeji sasa anaitwa kazini hata wiki ambazo zamani zilikuwa za kochi. Sijaona filamu nyingine iliyowahi kunirudishia rimoti.

Wakati mwingine hukimbilia kibanda umiza. Kule hakuna ukaguzi wa wanyama, na mwezi wa saba kuna faida nyingine: watu arobaini kwenye chumba cha mabati, mlango umezibwa na gunia, joto lake halipatikani hotelini. Pale picha zote zimetafsiriwa, yaani kuna bwana anayezungumza juu ya sauti za wahusika, kazi ambayo akina Lufufu waliipa jina kule Dar es Salaam. Mtafsiri akikosa la kusema anatunga. Majambazi wa Marekani wanadaiana kodi ya nyumba, jenerali wa Urusi anamtukana mkwewe, na ukimya wa dakika nzima ambao mwongozaji aliulipia fedha nyingi hujazwa na salamu kwa mwenye duka la simu.

Nami napenda, nisidanganye. Lakini ukitaka maoni, utakufa njaa. Vijana wakitoka pale uwaulize picha ilikuwaje, majibu ni mawili: "Kali" au "Haina kitu". Nilidhani hawana vigezo, mpaka siku steringi alipokufa. Alikufa kabisa, akazikwa, mkewe akalia, majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Kibanda kizima kikasimama. Steringi hafi! Kila mtu anajua steringi hafi! Mwenye kibanda akaambiwa arudishe mia tano za watu. Akajitetea kwamba yeye si aliyemuua. Ikabidi aweke Commando ya mwaka 1985, ambayo wote wanaijua kwa moyo, ili waende kulala wakiwa wamemwona Arnold akitoka mzima.

Mke wangu, kwa upande wake, alitaka tuangalie kitu cha heshima, tukaweka Vuta N'Kuvute, ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin na Denge, mapenzi na siasa, mwanga kila pembe umepimwa. Mimi naihesabu miongoni mwa filamu nzuri kuliko zote zilizotoka nchi hii. Shemeji alilala dakika ya ishirini. Alipoamka akasema hakuona hata paka.

Sasa, wako wazee. Ukitaja filamu mbele ya mzee yeyote kuanzia Arusha mpaka huku juu, atakuambia Hatari!, ile ya Howard Hawks iliyopigwa Tanganyika na kutoka mwaka 1962. Na kila mzee alimshikia John Wayne kitu. Mmoja alimshikia kamba, mwingine kofia, mwingine alikuwa mlinzi wa gari lake. Ukiwajumlisha wote, John Wayne hakuwa na sababu ya kumfukuza mnyama yeyote. Hao wasaidizi peke yao wangetosha kumzingira faru akakata tamaa.

Nikaona hiyo ndiyo itampita shemeji. Ni picha ya zaidi ya saa mbili na nusu, hakuna kompyuta, waigizaji wenyewe wamekaa kwenye magari wanafukuza wanyama wa kweli ili wauzwe kwenye bustani za wanyama. Mwanzoni tu faru anapiga gari, mtu anachomwa pembe mguuni. Shemeji akakaa wima. Shuka likaanguka. Hakuomba rimoti. Nikamtazama kwa pembe ya jicho, nikasema leo Mungu mkubwa, tumepata moja.

"Ametoka nje ya barabara," akasema.

"Nani?"

"John Wayne. Barabara ile pale, yeye anapita kwenye majani. Hiyo ni faini. Na leseni ya uongozaji anaweza kunyang'anywa."

Jambo la ajabu ni kwamba wakaguzi hawa wana filamu moja wanayoisifia kwa sauti moja, nayo ni Serengeti Haitakufa ya Bernhard Grzimek, ya mwaka 1959, iliyopata Oscar mwaka uliofuata. Kila siku wanapita ukingoni mwa kreta penye kaburi la mwanawe Michael, aliyekufa Januari 1959 ndege yao yenye milia ya pundamilia ilipogongana na tumbusi, na baba naye akaja kuzikwa hapohapo. Wanawasimulia wageni habari hiyo mpaka wageni wanalia. Nimewauliza madereva kadhaa filamu yenyewe inaanzaje. Kila mmoja alinipa mwanzo wake.

Basi watengeneza filamu, kama mnataka picha ambayo Karatu nzima itakaa kimya kuiangalia, stori mnayo. Faru John. Dume mkorofi wa kreta, anahamishwa Desemba 2015 kupelekwa Grumeti, mwaka unaofuata anakufa, na Desemba 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa yuko Ngorongoro anadai nyaraka za uhamisho huo. Pembe zikapelekwa Dar es Salaam. Kamati ikaundwa. Wataalamu wakapima vinasaba kujua kama kweli ni za John. Mapenzi yapo, siasa ipo, upelelezi upo, na steringi, samahani sana vijana wa kibanda, amekufa. Nafasi ya bibi mwenye hekima mpeni Fausta, faru wa kreta aliyekufa Desemba 2019 akiwa na umri wa miaka 57, ambaye kwa hesabu hiyo alizaliwa mwaka uleule Hatari! ilipotoka.

Masharti yangu ni madogo. Waigizaji wavae makoti, ukingoni ni zaidi ya mita 2,000 na shati la mikono mifupi ni uongo. Msiweke twiga ndani ya kreta, hayupo, na huyo mtu atasimamisha picha. Na mkishamaliza kila kitu, itoeni mwezi wa Agosti, shemeji akiwa kazini.