Utukufu wa Anwani ya 169.254

Katika jamii kubwa ya namba zinazozitambulisha kompyuta mitandaoni, hakuna ukoo unaodharauliwa kama ule unaoanza na 169.254, na dharau hiyo imezoeleka kiasi kwamba mafundi wengi, wakiukuta kwenye skrini ya seva isiyopatikana, huguna, hulaani, kisha huufuta kabla ya kuusikiliza. Anwani zinazoanza na 10 au 192.168 zina heshima zake tangu miaka ya 1990, zilipotengwa rasmi kwa mitandao ya ndani ya ofisi na majumba. Anwani za umma nazo zimeadimika hata zikawa bidhaa ya kuuzwa na kukodishwa. Anwani ya 169.254 hainunuliwi, haiombwi, na ni msimamizi wa nadra anayeiandika kwa fahari kwenye mchoro wa mtandao wake. Ni wakati sasa wa mnyonge huyu kupewa haki yake.

Nasaba yake ni ya kiungwana kuliko inavyodhaniwa. Kwa kawaida kompyuta inapowaka huomba anwani kwa itifaki ya DHCP, yaani utaratibu ambao kwao mashine hupaza sauti kwa wote waliomo kwenye mtandao wake ikiuliza kama yupo mgawaji, na mgawaji akiwapo huikopesha anwani kwa muda maalumu. Asipojibu mtu, mfumo endeshi wa Windows, tangu toleo la 98, hujichagulia wenyewe anwani katika fungu la 169.254, na kanuni za uchaguzi huo zikawekwa bayana na wataalamu wa viwango vya intaneti katika waraka wa RFC 3927 wa mwaka 2005. Waraka huo unaagiza kwamba mashine, ikishateua kwa bahati nasibu moja kati ya anwani 65,024 zinazoruhusiwa, ipige hodi mara tatu kwa majirani kuuliza kama yupo anayeitumia. Akitokea mwenyewe, iondoke bila ubishi na kujaribu nyingine, na ikishagongana na wenzake mara kumi, ipunguze kasi hadi jaribio moja kwa dakika ili isiusumbue mtandao. Wanaogombania viwanja katika miji yetu wangejifunza mengi kutokana na waraka huu. Ikumbukwe pia kwamba seva nyingi za Linux hazina hata adabu hiyo, kwani zikikosa mgawaji hubaki bila anwani yoyote.

Fadhila yake ya kwanza ni ukweli. Anwani nzuri, iliyopangwa kwa mkono na kupambwa kwa lango na barakoa ya mtandao, yaweza kukaa kwenye skrini miezi mitatu ikiwa imetulia kabisa, ilhali lango limeandikwa vibaya, njia ya kurudia pakiti haipo, na kichujio cha usalama kinatupa kila kinachopita bila kutoa sauti. 169.254 haijui kujipamba: inasema kwamba mashine iliuliza na haikujibiwa, basi. Kwa anayesimamia mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, kauli hiyo fupi ina thamani kubwa, kwa sababu inathibitisha kwamba kadi pepe ya mtandao ipo na kiendeshi chake kinafanya kazi (mashine isiyoona kadi yake isingepata hata anwani hii duni), na inauondoa uchunguzi kwenye programu za juu, majina ya tovuti na nywila, na kuuelekeza kwenye kipande kifupi cha njia kati ya kadi hiyo na mgawaji wa anwani.

Ndani ya kipande hicho ndimo maradhi mengi hujificha. Chukua wingu lililojengwa kwa OpenStack, programu huria ya kuendeshea mashine pepe, ambamo mgawaji wa anwani mara nyingi ni programu ndogo iitwayo dnsmasq inayokaa kwenye seva mojawapo. Hutokea kwamba mashine pepe za Windows zilizo pamoja naye kwenye seva hiyo hupata anwani mara moja, na zile zilizowekwa kwenye seva ya pili, zilizonakiliwa kutoka taswira ileile na kupangwa kwa mipangilio ileile, zote huamka na 169.254. Fundi asiyeiheshimu anwani hii atazifuta na kuziunda upya mashine hizo, na baadhi zitapona kwa sababu tu mpangaji wa wingu amezihamishia kwenye seva ya kwanza, naye ataondoka akiamini kwamba kuwasha upya ni tiba. Mwenye kuisikiliza atauliza ni nini kinachozitenganisha seva hizo mbili, na mara nyingi atakuta kwamba swichi ya chuma inayoziunganisha haijaruhusiwa kupitisha namba ya VLAN, yaani alama inayotenga mtandao mmoja na mwingine ndani ya kebo moja, hivyo ombi la mashine linatoka mlangoni na kuishia kwenye tundu la swichi. Nje ya hapo zipo sababu za kawaida zaidi: akiba ya anwani imekwisha, mgawaji amekufa, au mtu amefunga milango ya UDP 67 na 68 akidhani anaimarisha ulinzi.

Fadhila ya pili ingetosha kumnyamazisha kila mwenye dharau. Amazon ilipoanza kukodisha mashine pepe mwaka 2006, ilihitaji mahali ambapo mashine iliyozaliwa dakika hii, isiyojua jina lake wala mwenyewe, ingeweza kuulizia habari zake, na mahali hapo pakawa 169.254.169.254. Sababu ilikuwa ni uleule unyonge wake: kwa kuwa ruta haziruhusiwi kupitisha anwani za ukoo huu nje ya kiungo chao, haiwezi kugongana na mtandao wowote ambao mteja amejipangia. Google, Microsoft na OpenStack nao wanaitumia. Mashine ikiikosa, haipati ufunguo wa umma wa mwenye nayo, kwa hiyo huendelea kufanya kazi ikiwa na afya tele huku ikimkatalia bwana wake kuingia. Na kisa kimojawapo cha mara kwa mara ni proksi, programu ya kupitishia maombi ya wavuti, iliyowekwa bila kuisamehe anwani hii, hata maswali ya ndani yakapelekwa kwa mgeni.

Wapo watakaokumbusha kisa cha benki ya Capital One ya Marekani mwaka 2019, ambapo mvamizi aliihadaa programu ya benki imuulizie 169.254.169.254 vibali vya muda, akavitumia kuchota taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini humo na milioni 6 wa Kanada. Shtaka ni zito, lakini mshtakiwa alijibu swali lililotoka ndani ya nyumba, kama alivyoagizwa. Novemba ya mwaka huohuo Amazon ilitoa toleo la pili la huduma hiyo, linalodai muulizaji achukue kwanza tokeni, na watoa lawama wangefanya vyema kuchunguza ni mashine zao ngapi bado zinakubali toleo la kwanza.

Fundi wa Dar es Salaam anayetunza mashine iliyoko Cape Town, ambako Amazon ilifungua eneo lake la kwanza la wingu barani Afrika mwaka 2020, hana kebo ya kutikisa wala taa ya swichi ya kutazama. Ana dirisha la konsoli na namba inayoonekana humo. Akiikuta 169.254, asikimbilie kuandika anwani nyingine kwa mkono, kwa kuwa mawingu mengi hutupa pakiti zinazotoka kwenye anwani ambayo hayakuigawa yenyewe, na hapo atakuwa amemfukuza shahidi pekee aliyekuwa akimweleza kosa liko wapi.