Guka, Zile Zenye Kutu Nimetupa

Mwaga skrubu tatu juu ya gazeti, na hata fundi mwenye macho ya mwewe ataapa kwamba zimezaliwa tumbo moja. Ya kwanza ni 2BA ya Kiingereza, unene milimita 4.7. Ya pili ni UNF namba 10, yenye nyuzi 32 kwa inchi, unene milimita 4.83. Ya tatu ni M5, ile inayouzwa kila duka la hadiwea, milimita 5 kamili. Nyuzi za hizo tatu nazo zinapishana kidogo mno. Ukitia iliyo nene katika nati ya iliyo nyembamba, itaingia raundi ya kwanza kwa bashasha, ya pili kwa manung'uniko, kisha itagoma. Hapo ndipo mtu husema, "Lete spana kubwa," na hasara ikaanza.

Mahali ambapo jamii zote hizi hukutana ni kwenye hita ya gari la zamani la Kiingereza. Chukua Morris Minor, iliyoanza kuuzwa 1948. Hita haikuwa haki ya kila mnunuzi, ilikuwa nyongeza ya kulipiwa: kisanduku cha bati, ndani yake rejeta ndogo inayopokea maji moto ya injini kwa mipira miwili, na feni ya umeme ya kupuliza joto kwenye miguu ya abiria. Mwenye kuunda gari alikuja na bolti zake, mwenye kuunda mota ya feni naye akaja na zake.

Watu wa vyombo vya umeme na mita za dashibodi walishikilia BA, mfumo wa 1884 wenye asili ya Uswisi. Watu wa bodi na injini, katika miaka ya 1950, walikuwa wakihama kutoka mifumo ya zamani ya Kiingereza kwenda UNF, mfumo ambao Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana mjini Washington Novemba 1948, baada ya vita kuwaonyesha kwamba bolti ya mshirika mmoja haiingii kwenye nati ya mwingine. Bati la kisanduku lenyewe halikuuliza la Washington wala la Uswisi. Lilishikwa na skrubu zinazojikatia njia na vinati vya bati la springi.

Kwenye spana mambo hayawi mepesi. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani anaishi na namba 10, 12 na 14, na jioni anaenda nyumbani kwa amani. Bolti ya UNF ya robo inchi inataka spana ya 7/16, yaani milimita 11.11, hivyo spana 11 huingia kwa kugongwa. Ile ya 5/16 inataka nusu inchi, yaani 12.7, kwa hiyo spana 13 inacheza, inacheza, mwisho inalamba kona zote na kuacha kichwa cha duara. Spana za Whitworth, mfumo wa zamani wa Kiingereza, ndizo hujua kumtania mtu: imeandikwa 1/4, lakini mdomo wake unazidi milimita 13, kwa sababu namba hiyo ni ya unene wa bolti, si ya kichwa chake.

Na bado kuna magari ya MG. Kampuni ya Morris ilinunua mwaka 1923 kiwanda cha injini cha Coventry kilichokuwa cha Hotchkiss, Wafaransa waliokuja na mashine zao za kukata nyuzi za milimita. Mashine zilibaki. Matokeo yake, injini za XPAG za MG, zilizotoka kiwandani hapo, zilikuwa na bolti za nyuzi za milimita zenye vichwa vya spana za Whitworth, mpaka zilipokoma katikati ya miaka ya 1950. Anayedhani kipimo cha kichwa kinamtosha kuijua bolti, na ajaribu hapo.

Huku kwetu hita ina historia yake ya ziada. Kwenye gari lililokaa miaka Mombasa, hita huwa benki ya skrubu. Namba pleti imelegea? Toa moja kwenye hita. Kioo cha pembeni kinatetemeka? Hita ipo. Anayekuja kulikarabati gari baadaye hukuta kisanduku kimeshikwa na skrubu mbili, kipande cha waya na dua.

Mstaafu mmoja wa Limuru alikuwa na Morris Minor ya 1956, na ndoto ya kuipeleka Africa Concours d'Elegance, mashindano ya Nairobi yaliyoanza 1970 ambako majaji hukagua mpaka chini ya boneti. Aliifungua hita kwa adabu zote. Kila skrubu aliitia kwenye kopo lake, kila kopo na karatasi yake: "mota, juu kushoto", "mota, chini". Makopo yakajaa barazani. Kisha shule zikafungwa, na mjukuu mwenye bidii akaja likizo.

"Guka, nimekupangia vitu vyako."

"Vipi?"

"Ndogo huku, kubwa huku. Zile zenye kutu nimetupa."

Zile zenye kutu ndizo zilizokuwa za kiwandani.

Mchana huo mzee alichakura shimo la taka kwa sumaku iliyofungwa kwenye ufito, mjukuu akishika ndoo. Kilichotoka kilioshwa kwa mafuta ya taa. Mzee alitaka kupitisha brashi ya waya ya umeme, lakini fundi aliyeitwa kumsaidia akamzuia: bolti nyingi za enzi hizo zilipakwa kadimiamu, na vumbi lake ni sumu. Basi zikasuguliwa kwa kitambaa, polepole, na maandishi yakajitokeza. Bolti moja ilikuwa na herufi GKN kichwani, na kwenye ubavu viduara vitatu vilivyogusana, alama ya nyuzi zilizokubaliwa Washington. Zilizobaki zilipimwa kwa kalipa na geji ya nyuzi. Mbili zikawa 2BA za mota.

Ndipo ikaja zamu ya skrubu zinazong'aa, zile ambazo mjukuu alizihifadhi kwa heshima. Fundi aliinua moja juani, akamwonyesha kichwa cha nyota.

"Mzee, unaona vistari hivi vinne katikati ya mikono ya nyota? Hii ni Pozidriv. Imekuja miaka ya sitini. Gari lako ni la hamsini na sita."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hii ni mgeni. Imeingia kwa mlango wa nyuma."

Kuhusu vibano vya mipira hakukuwa na ubishi. Kibano cha ukanda na skrubu, maarufu kama Jubilee, hataza yake ilitolewa mwaka 1921 kwa Lumley Robinson, mwanajeshi wa zamani wa majini wa Uingereza, kwa hiyo hakuna jaji wa kukiona kigeni kwenye gari la 1956.

Hita ilifungwa, ikajazwa maji, ikapuliza. Safari ya kwanza ilikuwa Naivasha, na shida ilikuja wakati wa kurudi, kwenye mlima wa Mai Mahiu, saa nane mchana, lori mbele na lori nyuma. Sindano ya joto ilipanda. Mzee akafungua hita mpaka mwisho, kwa kuwa rejeta ndogo husaidia ile kubwa kutoa joto la injini. Madirisha yote yakashushwa. Mjukuu, jasho likimtiririka, akavumilia kona mbili.

"Guka, kwani hii hita haizimiki?"

"Inazimika," mzee akajibu, akibadilisha gia. "Lakini tukiizima, itakayofuata ni injini, na wewe ndiye utakayesukuma."