Ampli Ndani ya Ghala la Maharage

Shemeji yangu aliingia Butembo Ijumaa jioni kwa taksi ya Beni, ampli ya gita ameipakata mapajani kama mtoto mgonjwa. Kati ya miji hii miwili ni kilomita hamsini na kitu tu, lakini hakuna anayependa giza limkute njiani, kwa hiyo mgeni wa jioni hupokelewa kwanza kwa kumshukuru Mungu. Maswali yalisubiri bugali na sombe. Yeye ni mpiga solo wa kwaya. Wimbo wao ulikuwa umekamilika, umebaki gita, na huko Beni jirani yake ana mashine ya kusaga inayonguruma kutwa nzima. Aliomba chumba kimoja, kwa siku moja.

Tukampa saloni. Kuta saruji, chini saruji, juu manjanja matupu bila dari. Kila noti ilirudi kutoka ukutani kabla haijafuata nyingine. Jenereta la uani nalo likaingia kwenye rekodi na mvumo wake. Tukalizima, ampli ikala umeme wa betri ya sola. Utulivu ulipopatikana, mvua ikashuka juu ya manjanja, na siku ikaishia hapo.

Kesho yake alihamia chumbani kwa mama mkwe wangu, kwa sababu kina godoro, mablangeti na rundo la nguo, na vitu laini humeza mwangwi. Mama alikuwa sokoni. Aliporudi akakuta kitanda chake kimesimamishwa dirishani na kitenge chake kipya kimefunika ampli.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "leo usiku nitalala wapi?"

Mzee naye akasogea mlangoni. Akakumbusha kwamba Mwenda wa Bayeke alirekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na mpaka sasa gita lake linasifiwa. Hakuna aliyehamishiwa kitanda, akasema.

"Ni kweli, Papa," shemeji akajibu ameinamisha kichwa. "Ila gita la Mwenda ni la mbao, sauti inatoka tumboni mwake. Hili langu bila ampli halifiki hata pale mezani. Sauti yake inazaliwa kwenye koni ya spika, na hapo ndipo mikro inatakiwa kusikiliza."

Mama akakata shauri: kitanda kirudi mahali pake, na mtoto apewe ghala. Magunia ya maharage yalikuwa yamepangwa humo karibu yaguse bati, yakingoja mnunuzi. Nilipiga kofi moja katikati yake na sauti ikafa palepale. Sikujua tunacho chumba kizuri namna hiyo.

Alikuwa na mikro mbili. Moja ni Shure SM57, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, mikro ya dainamiki: ndani kuna kiwambo, koili na sumaku, haitaki umeme, na kelele za ampli haziitishi. Ya pili ni kondensa, inayodai volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti. Hiyo husikia kila kitu: kuku, mchi wa jirani, hata simu ya Mama chumba cha tatu.

Akamulika kitambaa cha ampli kwa tochi ya simu mpaka duara la katikati ya koni likaonekana. Binti yangu akavaa kaski, naye shemeji akawa anaisogeza SM57 kidole kwa kidole. Katikati kabisa, nyuzi nyembamba zilichoma masikio. Pembeni kabisa, gita likawa zito, kama limefunikwa. Akiisogeza mno kwenye kitambaa, besi inavimba. Vidole viwili kando ya katikati, binti akainua mkono: hapo! Sebene ikatoka safi, kila noti na mlango wake.

Kondensa akaiweka mita moja nyuma. Kila mikro peke yake ilipendeza. Zikichanganywa, gita linakonda. Akatueleza kwamba sauti huchukua takriban milisekunde 3 kuvuka mita moja, kwa hiyo mawimbi yaleyale yanafika kwa zamu, moja likipanda na jingine likishuka, na yakikutana hivyo yanakatana. Dawa ni kuziweka mikro ubavu kwa ubavu, viwambo vyake vikiwa umbali mmoja kutoka kwenye koni.

Alipokuwa akiivuta kondensa mbele, mguu wa stendi ukatoboa gunia. Maharage yakamiminika juu ya nyaya, juu ya kadi ya sauti, mpaka chini ya ampli. Watoto wote wa nyumba wakapiga magoti kuokota, na Mama akaja na ungo bila neno. Gita lilinenepa kweli mikro zilipokaa pamoja, lakini kondensa ilileta na maharage yakidondoka kwenye ungo. Iliyobaki kwenye wimbo ni SM57 peke yake.

Kondensa amerudi nayo Beni kurekodi waimbaji, na kwa sauti za watu inafaa sana. Lakini kwaya yenye pesa ya mikro moja tu, na gita la umeme, inunue ya dainamiki kwanza, kisha itafute mwenye ghala la maharage.